Nyota Ambayo Generoza Hajafika

Taa ya dinamo ya baiskeli ya baba iko kwenye dirisha la jikoni kwangu hapa Kasulu, kati ya chupa ya mawese na kopo la chumvi. Haiwaki. Baiskeli yenyewe mdogo wangu Elia aliwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu, na nilipopata habari nilimpigia simu nikamsema mpaka salio likaniishia. Siku ya pili nikaweka salio jingine, nikamwambia angalau aniokolee taa. Aliileta ndani ya gunia la maharage. Nilipolifungua ikanijia harufu ya grisi iliyochanganyika na vumbi la maharage makavu, nikakaa chini kwenye kigoda. Mtu wa kwanza kunijia akilini hakuwa baba. Alikuwa Generoza.

Nianze kwa kusema ukweli, maana sisi wa rika hili tumeshakuwa watu wazima mno kudanganyana. Generoza alikuwa mtoto wa baba mkubwa. Aliletwa kwetu baada ya kufiwa na mama yake, maana baba yake hakuweza kumlea peke yake, hana kitu, hana neno, na mimi nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu mtoto aliyefiwa. Haya, nimesema.

Tuliishi Makere, nyumba ya tatu ukitoka barabarani, na baba alikuwa mkulima na mchuuzi wa maharage. Alizaliwa Burundi, akavuka mpaka akiwa mgongoni mwa bibi, akakulia huku, akapata uraia huku, na karatasi yake ya uraia aliitunza ndani ya Biblia ili isikunjike pembe. Katika kuhamahama huko shule ilimpita. Kusoma alijua, polepole, kwa kufuata kidole. Mambo mengine yote ya darasani aliyataka kutoka kwangu. Kila jioni, kabla chakula hakijaiva, alikaa kwenye gogo nje ya jiko, akanipigapigia nafasi kushoto kwake, akasema, "Haya, mwalimu wangu. Leo tunasoma nini?"

Nami namfundisha. Kwamba mmea unakunywa kwa mizizi. Kwamba moyo wa mtu una vyumba vinne. "Vinne!" alisema baba, akageuka kuitazama nyumba yetu. "Na sisi hapa tuna viwili." Mama alicheka jikoni mpaka akapaliwa na moshi. Sijawahi kupata cheo kikubwa kuliko kile cha kwenye gogo, na nimepata vyeo viwili vitatu tangu hapo.

Cheo kingine kilikuwa keria ya baiskeli. Siku ambayo gunia lilikuwa moja tu, baba alilifunga kwa mpira, akanipandisha juu yake, tukashuka nalo sokoni. Ikitukuta jioni njiani, alikandamiza dinamo kwenye tairi kwa kidole gumba, ikaanza kulia ule mlio wake wa kusaga, na mbele yetu barabara ikapata doa la njano. Wenzangu mtakumbuka doa lile. Lilikwenda mbele ya gurudumu hatua tatu, halikutuacha wala hatukulipita. Baba akipanda mlima kwa shida, nalo linafifia. Akisimama, linakufa. Kwa hiyo nilijua kabla ya mwalimu yeyote kunifundisha: mwanga unakwenda kwa kasi ya baba.

Na kasi ya baba ndiyo tuliyopimia dunia. Kilomita zilikuwa za vibao vya barabarani na za watu wa magari. Sisi tulisema Kasulu ni mwendo wa asubuhi, ukitoka na jogoo unafika umande ukikauka. Nyabibuye, kwa baba mkubwa, ni kulala mara mbili, na mara moja kati ya hizo unalala kwa rafiki wa baba kule Kumsenga, mtu mwenye mbwa asiyependa baiskeli. Usiku hakuna anayesafiri. Jumapili pia hakuna. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na hata maharage yake yangeota ndani ya gunia asingeyagusa siku hiyo. Ukiuliza ni siku ngapi kufika mahali, unapewa jibu ambalo usiku na Jumapili zimeshatolewa. Hakuna aliyehitaji kutufafanulia.

Baba alikwenda Nyabibuye msibani, akarudi na Generoza juu ya lori la mihogo. Alikuwa na mfuko mmoja wa rambo na sweta ya kijani ya mama yake, iliyomfika magotini, mikono imekunjwa mara nne. Mama alitaka kuifua. Generoza akaishika kwa mikono yote miwili, akasema, "Oya," yaani hapana, kwa sauti ndogo, na mama akaiacha. Mimi niliposema "oya" nyumbani kwetu nilipigwa kibao. Ndiyo siku ile ile nilipoanza kuhesabu.

Nilihesabu kila kitu. Ukoko wa ugali, uliokuwa wangu tangu niote meno, ulikatwa vipande viwili, na macho yangu yaliona wazi kwamba kipande chake ni kikubwa. Blanketi letu la mistari alipewa upande wa ukutani kusikopita baridi. Akiamka analia, mama anamwimbia. Nami nilijaribu kuamka nalia, mama akauliza kama nimekula pilipili. Na jioni, kwa kuwa kushoto kwa baba kulikuwa kwangu, Generoza alikaa kulia. Sasa sikilizeni jambo hili. Sikio la kushoto la baba lilikuwa bovu tangu utotoni. Miaka yote niliyomfundisha alikuwa akigeuza kichwa kizima kunisikia, na nilikipenda kile kichwa kinavyogeuka. Generoza alikuja siku moja, bila kujua, akaketi kwenye sikio zima. Alinong'ona tu, baba akamsikia.

Alimwita "baba mdogo", kama inavyotakiwa, na hilo lilikuwa faraja yangu. Niliona neno lile "mdogo" limesimama kati yao mithili ya ua wa miti. Mimi nilikuwa ndani ya ua.

Alikaa hivyo mwaka mmoja na zaidi, tukafika darasa la sita pamoja. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa kijana mrefu mwenye shati moja jeupe na moja la bluu. Siku aliyosema kwamba jua tunaloliona si la sasa hivi, ni la dakika nane zilizopita, darasa zima lilikimbilia dirishani, akapiga kelele tusije tukaharibu macho. Tangu hapo tukamwita Dakika Nane. Alisema mwanga unakwenda kilomita laki tatu kwa sekunde moja. Akapiga kofi moja, akatulia, akapiga la pili. "Kati ya kofi hili na hili," alisema, "mwanga ungekuwa umeizunguka dunia mara saba." Kisha akasema anga ni kubwa mno kwa kilomita, namba zinajaa ubao mzima na bado hujafika popote, kwa hiyo wataalamu wanapima kwa muda. Mwendo wa mwanga wa dakika. Mwendo wa mwanga wa mwaka.

Wenzangu walishangaa. Mimi sikushangaa hata kidogo, nilijisikia niko kwetu. Hao wataalamu walikuwa wanasema kama baba. Mwezini ni karibu, hata hujakaa. Juani ni dakika nane. Kwenye nyota ni kulala mara nyingi.

Dakika Nane akatangaza kwamba shule itapeleka mtoto mmoja Kasulu, kwenye maonyesho ya sayansi ya shule za msingi. Siku ya kikao cha wazazi tutajaribu kuwaeleza wao mwendo wa mwanga, na atakayeeleweka zaidi ndiye atakayekwenda. "Mzazi wake atampeleka," alisema. Nilimtazama Generoza, naye alikuwa ananitazama. Wanafunzi arobaini na kitu mle ndani, na sisi wawili tulikuwa na mzazi mmoja, baiskeli moja, keria moja.

Nilifanya hesabu wiki nzima. Laki tatu mara sekunde, mara dakika, mara saa. Nilipofika kwenye saa za siku nikatabasamu peke yangu, maana niliona Dakika Nane alipokosea. Alikuwa ameandika saa ishirini na nne. Nilimhurumia, mtu wa mjini, hajui safari. Nikaweka saa kumi na mbili, toka jogoo mpaka giza. Kisha kwenye siku za mwaka nikatoa Jumapili zote. Nikapata kilomita trilioni nne na kidogo, namba iliyovuka ukingo wa daftari ikaingia kwenye kifuniko, na nikalala usingizi mzuri kuliko wote tangu lile lori la mihogo.

Siku ya kikao wazazi walikaa kwenye madawati yetu, magoti yamekaribia videvu. Baba alivaa koti lake la kanisani. Nilisimama mbele nikasema kwa sauti ya juu, upande wa sikio lake bovu, "Wazazi wetu, mwanga ni msafiri. Unatoka na jogoo. Giza likiingia unaomba mahali pa kulala. Jumapili unapumzika. Ukienda hivyo mwaka mzima, unafika kilomita trilioni nne."

Wazazi waliitikia kwa vichwa. Mzee mmoja wa nyuma alisema, "Ego, ni kweli kabisa. Usiku kuna fisi." Mama mmoja akaongeza kwamba hata mwanga una haki ya kupumzika. Baba alikuwa anatabasamu kwa meno yote, anamgusa jirani yake kwa kiwiko. Nilishajiona juu ya keria, nimeshika kiuno cha baba, tunateremka kuingia Kasulu. Sikumwona Dakika Nane, ambaye alikuwa amegeukia ubao na mabega yanamcheza.

Ikawa zamu ya Generoza. Alisimama na ile sweta yake, akasema shikamooni, akatazama miguu yake mpaka nikaanza kutumaini. Kisha akasema, "Baba mdogo anaendesha baiskeli na gunia kilomita hamsini kwa siku. Akitoka leo kwenda juani, asipumzike hata siku moja, atafika baada ya miaka zaidi ya elfu nane. Mwanga unatoka huko unafika hapa kwa dakika nane."

Chumba kilinguruma kwa kicheko. "Na maharage yatakuwa yameota!" alisema mtu. Baba alijishika kichwa kama aliyeambiwa aanze safari sasa hivi. Hapo yule mama wa haki ya kupumzika akauliza, "Na huo mwanga, mwanangu, unalala wapi?"

"Haulali, mama," alisema Generoza. "Ungelala usiku, nyota tusingeziona. Ungepumzika Jumapili, Jumapili tungeamka gizani."

Watu waligeuka dirishani, na jua lilikuwepo pale uwanjani. Kisha baba akapiga goti lake kwa kiganja, akasema kwa sauti iliyojaa chumba, "Huyo! Huyo ndiye mwalimu wangu!"

Sijui kama baba alikumbuka kwamba niko pale. Nadhani hakukumbuka, na hilo ndilo lililouma. Nilitazama daftari langu, ile namba ndefu na jasho langu juu yake, nikatamani Generoza arudi Nyabibuye, na kama Nyabibuye hakuna wa kumlea, basi akae njiani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilimtakia mtu akae njiani.

Alichaguliwa Generoza, na yeye na baba walipaswa kuondoka Ijumaa. Baba hakusafiri kamwe bila kuikagua taa, kwa hiyo Alhamisi jioni nilikwenda kwenye baiskeli, nikaifungua taa, nikaitoa glopu. Ilikuwa ndogo kama punje ya harage. Niliizungushia kitambaa nikaisukuma chini ya mkeka wangu. Nilipiga hesabu hivi: atakagua, ataikosa, atasema safari haiwezekani. Lakini asubuhi baba alikuwa na furaha mno ya kumpeleka mtoto mwenye akili mjini, hata hakuigusa taa. Alimtandikia Generoza gunia tupu juu ya keria ili asiumie. Wakaondoka na jogoo. Mimi nilibaki kupukuchua maharage.

Mchana kutwa nilijiambia watarudi mapema. Jua likazama. Mama akasema watakuwa wamecheleweshwa na watu wa maonyesho. Nilikwenda kusimama barabarani, mahali ambapo kila siku tuliona doa la njano likichomoza kwenye kona kabla hujasikia mlio. Giza lilikuwa jipya, watu bado wanapita na kuni, wanaamkiana. Kona ilibaki nyeusi. Nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi na hakuna kilichokuja, nami ndiye niliyejua kwa nini hakiji.

Mwisho nikasikia mnyororo, ukigonga kwa mwendo wa mtu anayetembea. Generoza alikuwa anasukuma baiskeli, amebana chini ya kwapa mkebe mpya wa hesabu aliopewa zawadi. Baba alikuwa anamshika bega, anachechemea. Walianguka kwenye mtaro uliochimbwa na watu wa barabara, hawakuuona. Mguu wa baba ulikuwa umechanika kutoka goti mpaka karibu na kifundo.

"Wekeni maji ya moto na chumvi!" alipiga kelele Generoza. "Baba ameumia!"

Nataka niwaambie kwamba nilichosikia ni "ameumia". Sivyo. Nilichosikia ni "baba". Ule ua ulikuwa umeanguka, na nilikuwa nimeuangusha mwenyewe.

Siku mbili baadaye Generoza alikuwa anafagia chumba chetu. Niliingia nikamkuta amesimama, mkeka umekunjwa, glopu iko katikati ya kiganja chake. Akanipita, akatoka nje, akaifungua taa ya baiskeli, akairudisha mahali pake. Jioni baba, akiwa amenyoosha mguu mlangoni, alimwambia azungushe gurudumu tuone. Ikawaka.

"Kumbe nzima!" alisema baba. "Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa imelegea, baba," alisema Generoza.

Angenisema, ningepigwa, tungekuwa sawa. Alinyamaza, na kwa wema ule nilimchukia kuliko kwa mengine yote. Sasa alikuwa na keria, na zawadi, na jina la mwalimu, na neno "baba", na juu yake alikuwa na siri yangu mfukoni mwa ile sweta.

Nikatafuta cha kumuumiza, nikakipata shuleni. Nilimuuliza Dakika Nane nyota iliyo karibu kuliko zote ni ipi, ukiacha jua. Alinichorea nyota mbili kali zinazoonekana upande wa kusini wakati wa kiangazi, akasema moja kati ya hizo ndiyo jirani yetu, na mwanga wake unachukua miaka minne na miezi kama minne kutufikia. Nikamuuliza, na wetu kwenda kule? Akasema ni hivyo hivyo. Nikauliza tena, na mtu akiwa kule na macho makali sana, anatuona lini? Dakika Nane alinitazama kwa heshima kwa mara ya kwanza. Akasema, anakuona ulivyokuwa miaka minne na miezi minne iliyopita.

Jioni ile baba alikuwa amelala kwa ajili ya mguu. Tulikaa wawili kwenye gogo, mimi kushoto, yeye kulia, pengo la baba katikati. Jikoni mawese yalikuwa yanaanza kupata moto, ile harufu inayokuna koo. Nyota zilikuwa zimeshatoka.

"Unaiona ile?" nilisema. "Ile ya kusini, inayong'aa zaidi."

"Naiona."

"Mtu akiwa kule sasa hivi, anaiona Makere ya zaidi ya miaka minne iliyopita. Ananiona mimi na baba hapa kwenye gogo. Mimi na baba tu. Wewe hakuoni. Kule wewe hujafika."

Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo njia nzima kutoka shule. Nilimsikia anavuta pumzi, nikafurahi, nikasubiri alie.

"Na Nyabibuye anaiona?" aliuliza.

"Anaona kote."

Alivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. "Basi mama yupo," alisema. "Yuko nje anachambua maharage. Amevaa hii."

Nilimrushia jiwe la maneno, akalidaka, akaliangalia, akakuta ni kitu alichokuwa anakitafuta. Na msinidhanie mema: nilichohisi hapo hapo ni wivu, mbichi kabisa. Ile nyota niliitafuta mimi. Kwangu ilikuwa na gogo na sikio bovu. Kwake ilikuwa na mama. Alikaa anaitazama mpaka mama yangu alipoita mara ya tatu tukale, na kabla ya kuinuka alisema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo mengine, "Ukae huku kulia kesho. Sikio lake zima liko huku. Siku zote unapiga kelele bure."

Baba aliporudi kwenye gogo, nilikaa kulia. Alitutazama tulivyobadilishana, akasema, "Haya, walimu wangu. Leo tunasoma nini?" Huo wingi sikuupenda. Nilikaa nao hivyo hivyo, na baada ya miaka nikauzoea.

Tukakua. Mimi nikawa mwalimu wa fizikia, naye, aliyekuwa na akili kunishinda, akaacha shule baba mkubwa alipougua, akaenda kumtunza, kisha akafungua meza ya maharage Kibondo. Wanafunzi wangu wanacheka kila mwaka ninapowaambia kwamba mwanga haulali na Jumapili haupumziki. Wanadhani ni utani wangu. Kila nilipokwenda Kibondo nilijiambia safari hii nitazungumza naye habari ya glopu. Nafika, ananichokoza kwamba nimenenepa, ananipimia maharage ya njano mpaka yanamwagika, watoto wake wananizunguka, na basi inapiga honi. Nasema nitamwambia safari nyingine. Hata wivu ulikuwa haujaisha vizuri. Watu walimpenda sana pale sokoni.

Miaka minne na miezi mitatu iliyopita aliugua wiki tatu, akafariki, masika yakiwa yamekolea. Tulimzika Kibondo kwenye matope. Niliomba sweta ya kijani, binti yake akaniambia walimzika nayo.

Jana jioni, baada ya kuiweka taa ya baba dirishani, nilitoka nje. Kusini hakukuwa na wingu na ile nyota ilikuwa mahali pake. Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama pale uani na mwiko mkononi, na safari hii sikutoa usiku wala Jumapili. Yeye miaka minne na miezi mitatu, mwanga miaka minne na miezi minne. Kule Generoza bado hajaanza kuumwa. Ni jioni ya soko, amefunga kanga kiunoni, anamalizia kupima maharage na kumtania mteja, na safari yangu ya kwenda kumwambia bado inawezekana. Wiki ijayo kule ataanza kulalamika homa. Mwezi ujao atakuwa hayupo hata kule, nami itanibidi nitafute nyota ya mbali zaidi, na ziko nyingi, ninazijua zote kwa miaka yake.

Lakini jana ile nyota jirani ilikuwa bado inamwona. Mimi simwoni. Nilisimama pale mpaka maharage yakaungua, naionea wivu.